Mpumuaji Mkuu wa Jamhuri

Kulikuwa na nchi, nayo iko mbali sana na hapa, kwa hiyo msomaji asihangaike kuchungulia dirishani. Iliitwa Jamhuri ya Salamani. Watu wake walikuwa wapole, serikali yake ilikuwa sikivu, na paa la soko lake jipya la Kichangani lilianguka siku ya tisa tangu lifunguliwe, saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamejaa.

Walikufa watu kumi na tisa. Serikali iliunda tume siku hiyo hiyo, na tume ikafanya kazi kwa bidii kubwa hata ikasahau kwenda sokoni. Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi. Ilisema kwamba paa lilianguka kutokana na kuanguka, na kwamba tatizo linaloikabili nchi kwa sasa si paa, maana lililokwisha kuanguka haliwezi kuanguka tena, bali ni huzuni. Wafiwa walikuwa wakikusanyika kila siku penye kifusi na kulia kwa sauti. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli wanayofikia wageni wa serikali, na wageni walikuwa wameanza kuuliza maswali wakati wa chai.

"Huzuni hii," alisema Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Gervasi Pongwe, "isipotolewa kitaalamu, itatoka kienyeji."

Ikaamuliwa itolewe kitaalamu. Aliyeandika uamuzi huo kwenye kumbukumbu za kikao alikuwa mtu mmoja mwembamba, ameketi kiti cha nyuma, macho mekundu. Aliitwa Anzuruni Mbwego, na mwezi mmoja tu nyuma alikuwa mkaguzi wa majengo ya serikali. Ndiye aliyelikagua soko la Kichangani.

Niseme ukweli, hakulikagua. Huko Salamani ni desturi hati ya ukaguzi isainiwe kabla ya utepe kukatwa, na ukaguzi wenyewe ufanywe baadaye, mgeni rasmi akishaondoka, ili usije ukaharibu sherehe. Anzuruni alifika bendi ikiwa imekwishaanza kupiga. Fundi mmoja, mtu mfupi mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, alimvuta mkono wa shati akamwambia, "Bosi, nguzo ya nne inacheza. Njoo uitikise mwenyewe." Anzuruni akatazama jukwaani, akamwona mgeni rasmi anashuka garini, akasema, "Tutaiangalia baada ya sherehe." Akatia saini juu ya boneti ya gari. Baada ya sherehe kulikuwa na pilau.

Mtumishi akikosea nchini Salamani hafukuzwi, anahamishwa. Anzuruni alihamishiwa Wizara ya Utulivu na kupandishwa cheo, ili uhamisho usimvunje moyo. Hakuna aliyemuuliza lolote. Alingoja kuitwa na tume, akatayarisha hata maneno, lakini tume ilimtaja mara moja tu, ukurasa wa themanini na nane, kama "mtaalamu aliyejiridhisha". Alipousoma ukurasa huo aliona aibu hadi masikio yakawaka. Hakula, hakulala. Mkewe alipomuuliza alisema ni malaria, naye akanunuliwa dawa, akazinywa zote.

*

Mtaalamu aliyeletwa kutoa huzuni aliitwa Eliya Msangazi. Alikuwa mzaliwa wa Salamani aliyekwenda ng'ambo kusomea bima, akarudi na cheti cha uganga wa pumzi, kozi ya wiki tatu. Alivaa shuka jeupe, taji la manyoya ya kuku wa kizungu, na saa kubwa ya mkononi. Aliwaeleza maofisa wa wizara jinsi tiba inavyokwenda. Mgonjwa hulala chali, ngoma hupigwa, na mganga humwongoza avute pumzi harakaharaka bila kutua, mpaka vidole vigande na kichwa kiwe chepesi, ndipo donge lililo kifuani lipasuke na kutoka kwa kilio.

"Hii ni hekima ya mababu zetu," alisema Msangazi. "Nimeifuata kwa ndege mbili."

Tatizo lilikuwa ngoma. Mwaka uliotangulia waganga wa nchi nzima walikamatwa chini ya Sheria ya Kukomesha Ushirikina, na ngoma zao zilikuwa mahakamani kama vidhibiti. Wizara ikaandika barua kuziazima. Zikaletwa, kila moja ina kikaratasi chenye namba ya kesi, na wapigaji nao wakaazimwa kutoka gerezani kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuzipiga. Wazee wale waliuliza jambo moja tu, kama kazi yao sasa imeruhusiwa au bado ni kosa. Wakajibiwa kwamba imeruhusiwa mpaka saa kumi jioni.

Majaribio yalifanyika kwa wafiwa arobaini, wakiwa wamelazwa kwenye mikeka ndani ya Ukumbi wa Mshikamano. Kwa kuwa hakuna raia anayeruhusiwa kuanzisha jambo la kitaifa kabla ya mgeni rasmi, waliamriwa wavute pumzi, waishikilie, wamsubiri Mheshimiwa Waziri. "Shikilieni hivyohivyo," alisema mshereheshaji, "Mheshimiwa yupo njiani." Mheshimiwa alikuwa njiani kwa saa mbili na nusu. Wanne walizimia. Waliobaki walipumua kwa wizi, kupitia pua, na jambo hilo likaandikwa kwenye ripoti kama utovu wa nidhamu.

Hata ngoma zilipolia hatimaye, mambo hayakwenda vizuri. Wafiwa walipumua, wakalia, na kilio kikaja na maneno ndani yake. Mmoja alitaka kujua nani alijenga. Mwingine aliuliza nati za nguzo zilikwenda wapi. Mama mmoja wa makamo, Bi Sikudhani, ambaye binti yake Zawena alikuwa akiuza mchicha sokoni pale na akafia pale, aliketi kwenye mkeka wake, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akauliza iwapo tiba hii ina kipindi cha maswali. Waziri akamnong'oneza Msangazi, na ukumbi ukafungwa kwa ajili ya usafi.

"Watu hawa hawana uzoefu," Waziri alisema kikaoni. "Wanalia nje ya ratiba. Na kwa nini watu arobaini wahangaike, wakati mmoja anaweza kuwawakilisha?"

Wazo hilo lilipokewa kwa makofi. Salamani kila jambo hufanywa kwa niaba. Waziri huwakilishwa harusini na naibu wake, naibu huwakilishwa na dereva, na dereva hula kwa niaba ya wote. Ikakubaliwa apatikane mtumishi mmoja, aliyeapa kutunza siri, apumue na kulia kwa niaba ya wafiwa. Wakatazamana kuizunguka meza, hadi wakayafikia macho mekundu kwenye kiti cha nyuma.

"Huyu hapa," alisema Waziri. "Sura anayo."

"Mheshimiwa," Anzuruni alisema, "mimi sikufiwa."

"Ndiyo maana unafaa. Hutaegemea upande wowote."

*

Alilazwa kwenye zulia jekundu, mbele ya kamera, wafiwa wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki kutazama huzuni yao ikitolewa. Ngoma zikaanza. Msangazi akampigia makofi ya kuharakisha: vuta, vuta, usitue. Baada ya dakika chache vidole vya Anzuruni vilikunjamana, midomo ikafa ganzi, na mbele ya macho yake yaliyofumbwa akamwona yule fundi anamvuta mkono wa shati. Donge likapanda. Alipiga ukelele ambao hakujua anao, akagaagaa, akalia, "Nisameheni! Nguzo ya nne! Niliambiwa! Nisameheni!"

Ngoma zilimeza nusu ya maneno. Waliosikia nusu nyingine walidhani ni lugha ya uganga. Waziri alisimama akapiga makofi, na ukumbi mzima ukalazimika kusimama.

Taarifa rasmi ilisema kwamba majonzi ya Kichangani yalitoka saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, yakiwa kamili. Kila familia ilipewa cheti chenye nembo ya taifa, kinachothibitisha kwamba imepona. Waraka ukafuata: mwenye cheti akionekana analia atahesabiwa kuwa anaihujumu tiba.

Sasa nieleze jambo ambalo Anzuruni hakumwambia hata mkewe. Tiba ilifanya kazi. Alitoka ukumbini mwili mwepesi, kifua kimefunguka, akajikuta ana njaa. Alikula sahani mbili za wali maharage, akaomba na ndizi, akaenda kulala fofofo. Kulipokucha akakumbuka viti vya plastiki, na nyuso za watu waliokuja na misiba yao wakaondoka na karatasi, wakati yeye aliyewaletea misiba hiyo ndiye aliyetoka amepona. Aibu ilimrudia ikiwa imenenepa.

Akateuliwa Mpumuaji Mkuu wa Jamhuri. Kila Ijumaa alipelekwa mkoa mmoja kupumua kwa niaba ya waliofukuzwa mashambani, au waliokosa dawa, au waliofiwa na mifugo. Kila alikokwenda alilia nguzo ileile, na kila wiki ilikuwa hivyohivyo: Ijumaa mwepesi, Jumamosi aibu.

Msidhani hakujaribu kusema. Siku moja garini alimwambia Msangazi waziwazi, "Mtaalamu, mimi ndiye niliyesaini lile soko. Niliambiwa nguzo mbovu, nikasaini."

"Vizuri sana!" alisema Msangazi, akafumba macho. "Iache itoke. Usiizuie."

"Si tiba hii. Ni kweli."

"Ndiyo, ndiyo. Ile ya kweli ndiyo inayotoka vizuri."

Akaenda kwa Waziri. Waziri alimsikiliza hadi mwisho, akamshika bega kwa upendo. "Lete hiyo hiyo Ijumaa, mbele ya runinga," alimwambia. "Ila punguza maneno, ongeza sauti." Anzuruni alitoka ofisini humo akiwa amekiri mara mbili kosa lililoua watu kumi na tisa, na hakuna aliyemlaumu. Alitamani hata mtu amtukane.

*

Bi Sikudhani alibisha hodi ofisini kwa Anzuruni Jumatatu moja saa tatu. Alikuwa amekuja na cheti chake, amekifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, mama," alisema Anzuruni, akasimama haraka mno hata kiti kikaanguka.

"Marahaba, baba. Sitakuchelewesha." Akakifungua cheti, akakiweka mezani. "Nimeleta hiki. Naomba nirudishiwe changu."

"Chako kipi, mama?"

"Msiba wangu."

Anzuruni alikiokota kiti, asijue akikalie au aendelee kukishika.

"Juzi nilikuwa nachambua mchicha," alisema Bi Sikudhani. "Hiyo ilikuwa kazi ya Zawena. Nikajisahau, nikalia. Mjumbe akapita, akaniambia, Bi Sikudhani, wewe umepona, cheti chako kipo ukutani, unalia nini? Nikamwambia nakata vitunguu." Akakisukuma cheti mbele kidogo. "Mtu mzima na mvi zangu hizi. Nimemkana mwanangu, baba, nimesema ni kitunguu. Tangu hapo sijiwezi kwa haya. Ndiyo nikasema nije kwako, maana wewe ndiye uliyeuchukua. Siku ile umelala pale, Zawena wangu alitokaje? Ulimwona? Alivaa nguo gani?"

Anzuruni alitazama meza, akatazama muhuri, akatazama kidau cha wino. Angeweza kusema gauni la bluu. Wapo wenzake ambao wangesema, tena wangeongeza na ushungi.

"Sikumwona, mama," alisema. "Sikumchukua. Kilichonitoka siku ile si chako."

Akamweleza. Bendi, fundi, mkono wa shati, boneti ya gari. Hakupumua harakaharaka, hakulia, na maneno yalitoka kwa shida, moja moja. Bi Sikudhani alimsikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Huyo fundi ni mfupi?" aliuliza. "Ana pengo hapa mbele?"

"Ndiyo. Jina silijui."

"Anaitwa Chande. Amekufa palepale. Siku ile ya tisa alirudi na kamba yake mwenyewe kuifunga nguzo, kwa sababu hakuna aliyekuja kuiangalia. Polisi wameandika alikwenda kuiba nati. Mkewe hanunui hata chumvi pale mtaani, anaona haya. Anaitwa mke wa mwizi."

Anzuruni alikuwa amedhani aibu yake anaijua yote, urefu na upana, na kumbe kulikuwa na chumba kingine ambacho hakukifungua.

"Kesho saa nane mchana," alisema Bi Sikudhani akiinuka, "njoo pale penye kifusi. Nitawaita wenzangu, na mke wa Chande atakuwepo. Uyaseme haya haya uliyoniambia. Bila ngoma."

"Nitakuja, mama."

Naye alisema kweli, alitaka kwenda.

*

Kesho yake alinyoa ndevu, akavaa shati safi. Ilipofika saa saba hofu ikamkaba. Aliona nyuso zile zikimtazama. Akafunga mlango wa ofisi, akalala chali sakafuni. Alijiambia ni pumzi kidogo tu, za kumpa ujasiri.

Akavuta, akavuta, vidole vikakunjamana, machozi yakamwagika, na alipoinuka alikuwa mwepesi kabisa. Alitafuta ile aibu iliyokuwa inamsukuma aende, asiione. Na bila aibu hakuona sababu ya haraka. Akawaza kwamba, ukifikiria vizuri, alikwishasema jana, na Bi Sikudhani ana mdomo, atawafikishia. Akaagiza chai. Saa nane ikapita akiwa anachovya andazi, moyo umetulia.

Penye kifusi wanawake kumi na mmoja walimngoja. Walingoja mpaka saa kumi na moja, na kwa kuwa walikuwa wamekusanyika bila kibali, na baadhi yao, katika kungoja, walikuwa wamelia, polisi wakawachukua wote. Anzuruni alilisoma gazetini Jumatano asubuhi. Habari ilikuwa fupi, chini ya tangazo la mabati.

Hakuna aibu aliyowahi kuijua iliyofanana na ile. Wangekuwa nyumbani kwao kama asingeahidi, na wangekuwa nyumbani kwao pia kama angekwenda.

*

Shtaka lilikuwa kulia baada ya kupona, kinyume cha Waraka. Upande wa Jamhuri ulikuwa na vyeti kumi na kimoja na shahidi mmoja. Shahidi alipigiwa simu na Waziri mwenyewe.

"Swali litakuwa moja tu," Waziri alimwambia. "Utaulizwa kama majonzi ya washtakiwa yalitoka au hayakutoka. Utajibu yalitoka, kisha utarudi kazini."

Kwenye korido ya mahakama Msangazi alimsogelea, manyoya yakimpepea kichwani. "Unaonekana umebanwa, ndugu yangu. Njoo pembeni tuvute pumzi kidogo, itoke kabla hujaingia."

"Hapana," alisema Anzuruni. "Leo naihitaji ikiwa nzima."

Akaingia nayo. Wanawake walikuwa wamesimama kizimbani kwa safu mbili kwa sababu kizimba kilikuwa kidogo. Bi Sikudhani alikuwa safu ya mbele. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayetazama mlango uliokwisha kufungwa, na Anzuruni akatamani sana sakafu impokee.

"Shahidi," alisema mwendesha mashtaka, "wewe ndiye Mpumuaji Mkuu wa Jamhuri. Iambie mahakama. Majonzi ya hawa washtakiwa yalitoka, au hayakutoka?"

"Hayakutoka, mheshimiwa."

Karani aliinua kalamu.

"Hukuelewa swali," alisema mwendesha mashtaka.

"Nimelielewa. Hayakutoka. Yaliyotoka yalikuwa yangu. Mimi nilisaini hati ya soko kabla ya kulikagua. Niliambiwa nguzo ya nne inacheza, nikasema baada ya sherehe, na baada ya sherehe nikala. Aliyeniambia hakuwa mwizi. Na hawa kina mama walikuwa pale kifusini kwa sababu nilimwahidi mmoja wao nitakwenda, nisiende."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mwendesha mashtaka alisimama akaomba maelezo hayo yapokewe kama sehemu ya matibabu na yasiandikwe. Kutoka benchi la nyuma Msangazi akapaza sauti, "Iache itoke, ndugu yangu!"

"Sipumui," alisema Anzuruni. "Nasema."

Hakimu aligonga meza. Alimtazama karani, karani akamtazama hakimu, na kwa muda hakuna aliyejua kama kalamu iteremke au ibaki juu. Salamani hapakuwa na utaratibu wa jambo hilo. Anzuruni alisimama palepale na aibu yake yote, hakuna hata chembe iliyopungua, jasho likimtiririka hadi kwenye ukosi wa shati.

Ndipo Bi Sikudhani akazungumza kizimbani, bila kuruhusiwa.

"Sema tena, baba. Mke wa Chande yuko huku nyuma, hakusikia."

"Mshtakiwa nyamaza," alisema hakimu.

Anzuruni aligeuka, akampa hakimu mgongo. Akapitisha macho safu ya mbele, akapitisha safu ya pili, mpaka akamwona mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa ameinamisha kichwa, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Alingoja ainue uso. Ilichukua muda. Alipouinua, Anzuruni aliona ni vigumu kuutazama kuliko kitu chochote alichowahi kutazama, akautazama, akapandisha sauti.

"Fundi Chande aliniambia," akaanza.